Ibada Isiyoishia Kanisani: Mfano wa Kamenge

Ibada ya Kikristo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kusanyiko la waamini mbele za Mungu: sala, nyimbo, Neno, ubatizo na meza ya Bwana. Ya pili huanza baada ya baraka ya mwisho, kila mmoja anaporudi nyumbani, sokoni, shuleni au kazini. Sehemu ya kwanza ina jengo na saa zake. Ya pili haina, na ndiyo maana husahaulika upesi. Tangu zamani Wakristo wamejiuliza kama mwenendo wa siku za kazi ni tunda tu la ibada au ni ibada yenyewe. Kamenge, eneo la kaskazini mwa jiji la Bujumbura nchini Burundi, ni mahali ambapo swali hilo liligusa uhai wa watu, na majibu yaliyotolewa huko yanastahili kusomwa kwa makini.

Msingi katika Maandiko

Nabii Amosi alitangaza kwamba Mungu huchukizwa na sikukuu na nyimbo za watu wanaomkanyaga maskini. Isaya alieleza kwamba mfungo unaompendeza Mungu ni kuvunja vifungo vya uonevu na kumgawia mwenye njaa chakula. Manabii hao hawakuwaambia watu waache kuabudu. Walichokataa ni ibada inayotumika kama pazia la kufichia dhuluma.

Yesu alilisogeza jambo hilo karibu zaidi. Alifundisha kwamba mtu anayeleta sadaka madhabahuni, akikumbuka kuwa ndugu yake ana lalamiko juu yake, aiache sadaka hapo, aende kwanza kupatana naye, kisha arudi kuitoa. Katika mafundisho hayo anayetakiwa kuondoka ni yule anayelalamikiwa. Hawezi kusubiri aliyeumizwa amfuate, wala kumalizana na Mungu huku jirani akibaki na donda. Hata hivyo sadaka haifutwi; inamsubiri pale pale. Naye Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma kwamba ibada yenye maana ni kumtolea Mungu mwili wenyewe ukiwa hai. Mwili ndio unaolima, unaopika, unaobeba mtoto na unaoshika panga. Anayeutoa kwa Mungu ametoa siku zake zote.

Wazo hili katika historia ya Kanisa

Katika karne ya 4, Yohane Krisostomo aliwaonya waliolipamba kanisa kwa hariri huku wakimwacha Kristo nje akitetemeka kwa baridi katika mwili wa maskini. Katika karne ya 6, Benedikto aliagiza katika Kanuni yake kwamba vyombo vya kazi vya monasteri vitunzwe kwa heshima ileile inayopewa vyombo vya altare. Martin Luther, katika karne ya 16, alisisitiza kwamba kazi halali ya mkulima au ya mama wa nyumbani ni wito wa Mungu sawa na kazi ya mhubiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba liturujia ni kilele cha utendaji wa Kanisa na chemchemi ya nguvu zake. Mwaka 1964 ukaongeza kwamba kazi, maisha ya ndoa, mapumziko na hata taabu za walei huwa sadaka za kiroho zinazotolewa pamoja na Ekaristi.

Afrika ya Mashariki ilichangia kwa namna yake. Uamsho ulioenea kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ulifika pia Burundi kupitia vituo vya Kianglikana. Waliookoka walitambulika kwa mambo ya kawaida kabisa: waliungama dhambi zao hadharani, walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyokuwa wakiyakwepa. Kurudisha jembe la mtu kulihesabiwa kuwa sehemu ya toba, na bila hilo toba haikuaminika.

Swali linapogeuka kuwa la uhai na kifo

Serikali ya Jean-Baptiste Bagaza, iliyotawala Burundi kuanzia 1976 hadi 1987, iliwafukuza wamisionari wengi na kubana mikusanyiko ya dini katika siku za kazi. Mwaka 1986 ikazipiga marufuku jumuiya za waamini zilizoitwa Sahwanya. Vizuizi hivyo vililegezwa baada ya Pierre Buyoya kuchukua madaraka Septemba 1987, lakini vilikuwa vimefichua jambo moja: imani inayobaki ndani ya Jumapili haimsumbui mtawala. Kinachomtia hofu ni majirani wa mlima mmoja kukutana katikati ya wiki na kuyatazama maisha yao kwa mwanga wa Neno.

Pigo kubwa zaidi halikutoka kwa serikali inayozuia ibada. Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake walikuwa Wakatoliki ikaingia katika mauaji ya kikabila. Wahutu na Watutsi waliokuwa wameimba katika kwaya moja na kukomunika katika misa moja walikimbiana, na wengine waliuana. Bujumbura iligawanyika kwa mitaa. Kamenge na Kinama zilibaki za Wahutu, na Ngagara ya Watutsi. Mwaka 1995 jeshi liliingia Kamenge, na wakazi wake wakakimbia wakiziacha nyumba zao. Hakuna Mkristo anayeweza kulipita swali hilo kimya: watu waliojaa kanisani waliwezaje kufikia hapo? Sehemu ya jibu ni kwamba kwa wengi ubatizo ulikuwa umegusa jina na ratiba ya Jumapili, lakini ulikuwa haujagusa kabila.

Mpira na matofali

Kabla tu ya machafuko hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wamisionari Wakatoliki wa shirika la Waksaveri walianzisha Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoongozwa kwa miaka mingi na Padre Claudio Marano. Kituo kiliwapokea vijana wa mitaa ya kaskazini bila kuuliza kabila wala dini. Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu walikitumia pamoja. Kulikuwa na viwanja vya michezo, maktaba, masomo ya lugha na elimu juu ya UKIMWI. Katika timu moja ya mpira kijana alilazimika kumpasia mwenzake ambaye mtaani kwake aliitwa adui. Mwaka 2002 kituo kilipewa Tuzo ya Right Livelihood.

Kazi yake iliyoonyesha ibada ya mwili waziwazi zaidi ni kambi za kazi, ambako vijana wa mitaa iliyopigana walifyatua matofali na kujenga upya nyumba zilizobomolewa. Tofali la udongo halifyatuliwi na mtu mmoja kwa raha. Mmoja huchota maji, mwingine hukanyaga udongo kwa miguu mpaka ulainike, wa tatu huujaza kwenye kalibu na kuusawazisha kwa kiganja, wa nne huinua kalibu taratibu ili kona zisivunjike. Kisha matofali huanikwa na kugeuzwa mpaka yakauke. Mikono inayofanya hivyo kwa ajili ya nyumba ya mtu wa upande mwingine inatimiza agizo la kwenda kupatana na ndugu kabla ya kutoa sadaka.

Huduma na gharama yake

Wanawake wa Kanisa la Marafiki, yaani Wakweka, walianzisha chama chao mwaka 2002, na kupitia zahanati yao iliyoko Kamenge wakawahudumia wanawake, hasa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wengi wa waliohitaji huduma hiyo walikuwa wamebeba pia majeraha ya vita. Kumpima mama kama huyo, kumpa dawa na kumwita kwa jina lake mbele ya watu ni kumrudishia heshima aliyopewa na Muumba.

Katika Parokia ya Mtakatifu Guido Maria Conforti, hukohuko Kamenge, waliishi masista Waksaveri Olga Raschietti, Lucia Pulici na Bernadetta Boggian. Walikuwa Waitaliano waliopita umri wa miaka 70, nao walikuwa wamefanya utume kwa miaka mingi, Kongo na Burundi. Olga alifundisha katekisimu. Lucia alikuwa muuguzi na mkunga. Septemba 2014 wote watatu waliuawa ndani ya nyumba yao, wakazikwa Bukavu. Umri ungewaruhusu kustaafu kwao, lakini walichagua kubaki na majirani zao.

Mfano wao unaungana na ule wa Buta, katika mkoa wa Bururi wa wakati huo. Tarehe 30 Aprili 1997, washambuliaji waliwaamuru wanafunzi wa seminari ndogo wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, na 40 kati yao wakauawa. Walikuwa wamezoea kula, kusoma na kusali pamoja, na mazoea hayo ya kila siku ndiyo yaliyoshika siku ya jaribu.

Kazi, nyumba na ugonjwa

Waamini wengi hawataitwa kufa namna hiyo. Ibada yao hupimwa kwa mambo madogo. Mfanyabiashara wa sokoni humwabudu Mungu kwa mizani isiyompunja mnunuzi wa maharagwe, hasa mnunuzi huyo akiwa mtoto aliyetumwa asiyejua kusoma mshale. Mwajiri humwabudu kwa kumlipa mfanyakazi wa ndani mshahara wake kwa wakati. Mzazi humwabudu kwa kukataa kuwarithisha watoto wake chuki ya kabila. Mgonjwa asiyeweza tena kufanya kazi hajatengwa na ibada hii: uvumilivu wake na sala zake kwa ajili ya wengine ni sadaka kamili.

Makosa mawili huharibu mafundisho haya. La kwanza ni kudhani kwamba kuhudhuria kunatosha. Burundi ililipa kosa hilo kwa damu. La pili ni kudhani kwamba matendo mema yanaweza kuchukua nafasi ya sala. Anayehudumia bila kusali huchoka, huanza kudai shukrani, na mwisho huwachagua wanaostahili huduma yake. Kusanyiko humkumbusha kwamba yeye naye amesamehewa na kulishwa bure. Kwa hiyo sehemu mbili za ibada zinahitajiana: altare humpa mwamini sababu na nguvu ya kumwendea jirani, na jirani ndiye anayethibitisha kama kilichotolewa altareni kilitolewa kweli.