Mofini: Dawa au Kilevi?

Kwa kuwa unga umewaangamiza vijana wetu wa pwani, wako wasemao kwamba mofini nayo, itokanayo na afyuni, Muislamu asiiguse. Je, mgonjwa wa saratani aachwe akeshe akilia? Sisi twasema: la! Dharura huhalalisha, lakini kwa kadiri yake. Marekani, tangu 1996, wauzaji walivisifu vidonge vya oxycodone kuwa ni nadra kumtia mtu uraibu. Tamaa ya mali ikapita kipimo, na wengi wakafa. Uganda, mwaka 2004, iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuwaandikia wagonjwa mofini ya kunywa. Kipimo kikabaki mkononi mwa mjuzi. Kilichotofautiana ni amana. Ndugu zetu, kumfungia mlevi mlango ni wajibu. Kumfungia mgonjwa ni dhulma.