Mgeni Aliyelipa

Katika miji mingi mikubwa ya Ulaya mgeni huuziwa kadi moja ya kumfungulia mji. Akiisha kuinunua hupanda basi, tramu na treni bila ya kutafuta sarafu kila mara, na huingia katika nyumba za makumbusho ama bila ya kulipa tena, ama kwa bei iliyopunguzwa. Kadi hii ina saa zake. Moja ni ya saa 48, nyingine ya saa 72, nyingine ya siku tano au sita. Saa hizo zikitimia, hugeuka kipande cha karatasi kisichofungua kitu. Ni jambo dogo, laingia katika mfuko wa shati, walakini limebeba swali lisiloingia mfukoni, nalo ndilo nitakalo tulifikiri pamoja, msomaji: mtu aliyekwisha lipa amebakiwa na deni gani?

Huenda ukajibu upesi kwamba hana deni lo lote. Ndivyo ilivyo sokoni. Muuzaji akiisha kupokea fedha, na mnunuzi akiisha kupokea kikapu chake, huagana kwa salama, na hapana mmoja wao anayemdai mwenziwe. Lakini mji si kikapu cha maembe, na mtu aununuaye kwa saa 72 hajui bado amenunua nini.

Na tuuchukue mji wa Berlin, ulio mkuu wa Ujerumani, kuwa mfano wetu. Nimeuchagua kwa sababu jambo hili huonekana huko waziwazi, na kwa sababu nyingine ambayo tutaikuta mbele. Kadi ya wageni ya Berlin huitwa WelcomeCard, yaani Kadi ya Karibu. Basi vituo vya treni vya mji huo havina lango. Hapana chuma kinachokuzuia tumbo mpaka uonyeshe tikiti, wala askari aliyesimama mlangoni. Mtu hushuka ngazi kutoka barabarani, husimama ukingoni mwa reli, treni huja, naye huingia. Mwenye kadi ya karatasi hutakiwa kuipiga mhuri yeye mwenyewe, katika mashine ndogo iliyowekwa kituoni, kabla ya safari yake ya kwanza. Kadi isiyopigwa mhuri haihesabiwi kuwa kadi. Mara mojamoja wakaguzi hupanda wakiwa wamevaa nguo za raia, wakataka kuona tikiti za watu. Asiyekuwa nayo hutozwa Yuro 60.

Wewe uliyezoea matatu, ambamo utingo hukusimamia kichwani mpaka nauli yako itoke, hapana shaka utastaajabu. Na katika kustaajabu huko huenda hesabu moja ikakupitia moyoni: wakaguzi hawaji kila siku, mimi ni mgeni wa siku tatu, hapana anijuaye. Nikipanda bure safari kumi, nikakamatwa mara moja, sijapata hasara kubwa. Hesabu hiyo yaweza kuwa sahihi kabisa, wala ubaya wake haumo katika tarakimu. Ubaya wake ni kwamba imeuliza swali moja tu, yaani mimi nitapatwa na nini, ikasahau kuwa wenyeji wameliondoa lango kwa kumdhania kila apitaye kuwa mwaminifu, na mgeni naye amo katika dhana hiyo njema ingawa hawakupata kumwona. Kupiga mhuri ni kazi ya kufumba na kufumbua. Siku nzima ya mgeni huenda isiwe na kazi nyingine inayompima zaidi kuliko hiyo, kwa kuwa hapana amwonaye akiifanya, na hapana atakayemsifu.

Walakini nisiusifu mji huo kupita kiasi chake. Katika sheria ya Ujerumani kupanda gari la umma kwa makusudi bila ya kulipa ni kosa la jinai. Mtalii mwenye uwezo akikamatwa hulipa Yuro 60, akacheka, akarudi kwao na hadithi ya kusimulia. Maskini wa mji uo huo akishitakiwa, akahukumiwa faini ya mahakama, akashindwa kuilipa, aweza kuilipa kwa siku za kifungo. Lango lisiloonekana halina urefu mmoja kwa watu wote. Hiyo ni sababu moja zaidi ya mgeni mwenye shibe kutoifanyia nauli mzaha.

Haya, tuseme mgeni wetu ni mwaminifu. Amenunua kadi yake, ameipiga mhuri, amekwisha lipa haki ya wenyeji. Sasa ndipo taabu yake nyingine inapoanza, kwa sababu aliyekwisha kulipa deni la kweli huwa mwepesi wa kujibunia deni la uongo.

Mtazame asubuhi yake ya kwanza. Ameandika orodha: saa tatu nyumba hii ya makumbusho, saa nne u nusu nyumba ile, saa sita kasri, saa nane mashua katika mto Spree, saa kumi nyumba nyingine tena. Amefika katika kisiwa cha makumbusho kilicho katikati ya mto huo, amesimama mbele ya sanamu ya kichwa cha Malkia Nefertiti, iliyochongwa Misri zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Amemtazama malkia kwa muda wa kumeza mate, kisha ametazama saa yake. Miguu inamwuma. Hana furaha, na ukimwuliza mbona akimbia, jibu lake ni neno moja: nimelipa. Moyoni mwake anaigawanya bei ya kadi kwa idadi ya milango, na kila mlango mmoja zaidi huufanya ule uliotangulia kuwa rahisi kidogo. Jioni atajisifu kwamba kadi imejilipa. Sijui ni nani aliyelipwa.

Fikiri habari ya mtu aliyenunua fungu la maembe kumi. La kwanza lilikuwa tamu, la pili tamu, la tatu likamshibisha. Lakini maadam amelipia kumi, anakula kumi, na usiku mzima anagaagaa kitandani. Je, shilingi zake zimerudi? Hazikurudi, wala zisingalirudi kama angaliacha saba. Fedha ilikwisha toka mkononi wakati ule ule sokoni. Kilichobaki katika milki yake ni tumbo lake tu, nalo amelitoa liwe fidia ya kitu kisichofidika. Mwenye kadi naye hana tena fedha ile. Ana macho, ana miguu, ana saa kadha wa kadha za uhai wake, na hivyo ndivyo anavyovitupa katika shimo la bei aliyokwisha lipa.

Najua kuna neno la kunipinga, na si neno dhaifu. Mwanafunzi wa Kakamega au wa Voi akijaliwa kwenda Ulaya, yamkini safari yake imechangiwa. Shangazi ameuza mbuzi, mjomba ametoa mshahara wa mwezi, jirani amefungua leso yake. Je, mtu kama huyo ana ruhusa ya kukaa juu ya benchi saa mbili akitazama kitu kimoja, na kadi yake inaliwa na saa? Nakiri kuwa kutapanya mali ya watu ni aibu, na anayewafikiria waliomchangia ana heshima kuliko asiyewafikiria. Lakini atakaporudi, shangazi hatamwuliza ameingia milango mingapi. Atamwambia, keti, nipe habari. Na hapo, aliyepita katika nyumba kumi na mbili mbio mbio atajikuta hana habari ya kutoa, ila majina ya nyumba.

Tena kuna hasara iliyojificha zaidi. Aliyezoea kupima mji kwa kadi huanza kukidharau kila kitu ambacho kadi haikukiwekea bei, kwa kuwa hakimrudishii kitu. Na Berlin ina mengi ya namna hiyo. Mawe 2,711 ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa barani Ulaya, yaliyofunguliwa mwaka 2005 karibu na Lango la Brandenburg, hayana kiingilio. Mtu hupita kati yake usiku na mchana. Kipande cha ukuta uliougawanya mji kuanzia mwaka 1961 hata 1989, ambacho wachoraji walikipaka picha mwaka 1990, chaenea zaidi ya kilometa moja kando ya mto, nacho hakina mlango. Na katika barabara iitwayo Wilhelmstraße ipo nguzo ya maelezo ambayo watalii wengi huipita bila ya kugeuza shingo. Hapo ilikuwapo nyumba ambamo, tangu Novemba 1884 mpaka Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikaa mezani kuzungumza habari za Afrika, na hapakuwa na Mwafrika hata mmoja kati yao. Mkutano huo haukuichora mipaka yetu yote, kama wengine wasemavyo. Mpaka wa Kenya na Tanzania, kwa mfano, ulianza katika mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Lakini uliweka kanuni za unyakuzi, na sisi tungali tunaishi ndani ya matokeo yake. Nyumba yenyewe haipo tena. Kuiona nguzo ile ni bure, na kwa sababu ni bure haimo katika hesabu ya yule mwenye orodha.

Sasa nimefika kwenye ile sababu ya pili niliyoiahidi. Shuka katika kituo kiitwacho Naturkundemuseum, uingie katika makumbusho ya viumbe. Katika ukumbi wa kwanza amesimama mjusi wa kale, dinosauri mwenye kimo cha meta 13.27, ambaye mifupa yake iliyosimamishwa ni mirefu kuliko ya mwingine ye yote duniani. Mifupa hiyo haikutoka Ujerumani. Imetoka Tendaguru, katika nchi ya Lindi, kusini mwa Tanzania. Ilichimbwa tangu mwaka 1909 hata 1913, wakati Wadachi, kama wazee wa pwani walivyowaita Wajerumani, walipokuwa wakitawala huko. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, vikaacha vifo na njaa katika nchi ile ile. Mamia ya watu walichimba, wakaifunga mifupa, wakaichukua kichwani na mabegani mwendo wa siku nne hivi mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilikwenda hivyo. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake limebaki: mwaka 2007 aina moja ya dinosauri wa Tendaguru ilipewa jina la Australodocus bohetii kwa ajili yake. Wachukuzi wengi hawakubaki na jina popote.

Wako Watanzania wanaotaka mifupa hiyo irudishwe kwao, na wako wanaoona bora Tendaguru yenyewe ijengwe na kufaidika. Shauri hilo limefika hata bungeni. Mimi sitalikata hapa. Nitakalo kusema ni kwamba kiingilio cha mlangoni hulipa taa, wafagiaji na walinzi. Hakimlipi mtu aliyetembea siku nne na mfupa wa mjusi begani. Deni lake lipo, na limemwangukia kila atazamaye, alipe asilipe. Na njia moja iliyo wazi ya kuanza kulilipa ni kusimama, na kuuliza kitu hiki kimefikaje hapa, na nani alikichukua.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakuwa wachoyo. Walimtaka mgeni aingie katika kazi za nyumba, ajue chakula alacho kimetoka shamba gani. Kadi ya saa 72 humtoa mtalii mjini siku ile ile ya jembe, kana kwamba waliyoipanga waliijua methali yetu wakataka kumwokoa! Walakini wenyeji wengine wa Berlin wamekwisha lishika jembe hilo wao wenyewe. Mwaka 2021 mtaa mmoja uliokuwa na jina la Wissmann, mtawala na askari wa ukoloni katika Afrika Mashariki, uliitwa upya kwa jina la Lucy Lameck, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mdogo katika serikali ya Tanganyika huru. Mwaka 2024 sehemu ya barabara nyingine ilipewa jina la Maji Maji. Mabasi ya mji hupita karibu, na kadi ya mgeni huyapanda bila ya kuongeza senti.

Basi jiweke mahali pake, msomaji. Ni alasiri ya siku ya tatu. Saa mbili zimebaki katika kadi yako, na orodha yako ina nyumba mbili ambazo hujaziingia, zote mbili zimelipiwa. Umesimama chini ya mjusi wa Tendaguru, shingo imekuchoka kwa kutazama juu, na ndiyo kwanza umeanza kuisoma karatasi ya maelezo ukutani. Mwenzako yuko mlangoni, anakupungia mkono uje upesi.