Makufuli Matatu na Kioo Kimoja

Sanduku la kikoba cha shangazi yangu ni la bati, limepakwa rangi ya kijani, na lina makufuli matatu. Funguo zake hukaa kwa akina mama watatu wa nyumba tofauti, na kanuni ni kwamba sanduku halifunguliwi mpaka wote watatu wawe wameketi mkekani mbele ya wanachama. Kwa miaka sita haikupotea hata shilingi mia. Pesa zilizokuja kupotea hazikutoka sandukuni. Zilipitia kwenye kioo cha simu iliyofungwa kwa namba ya siri, ikiwa juu ya meza ya kukatia nguo, mchana kweupe.

Naeleza kisa hiki kwa ruhusa ya shangazi, na kwa sababu nami nina sehemu yangu ya lawama.

Shangazi ni fundi cherehani Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ndiye mweka hazina wa kikoba. Simu yake janja nilimnunulia mimi na kumtengenezea mimi. Nilianza kwa kumwekea alama ya kidole, ikagoma: vidole vilivyoshika sindano na chaki miaka thelathini vimelika hata mistari yake haisomeki. Tukaweka namba ya siri ya tarakimu sita. Siku mbili hazikupita, akanipigia kulalamika. Kila meseji ikiingia inambidi aache kukanyaga cherehani, ajifute chaki, aandike namba zote sita, kisha akute ni tangazo tu. "Mwanangu, hii simu inanichelewesha kazi."

Nilipomtembelea nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua kila ujumbe uonekane hata simu ikiwa imefungwa. Shangazi alifurahi sana. Sasa simu inalala mezani, kioo kinawaka, yeye anachungulia tu na mguu unaendelea kukanyaga. Sikumwambia kwamba kioo kikiwaka hakimchagui msomaji.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Alikuja kijana na suruali ya kupunguzwa urefu. Akasalimia kwa adabu, "Shikamoo mama," akapewa kiti pembeni ya meza, pale simu ilipokuwa ikichajiwa. Katika muda wa nusu saa kioo kiliwaka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa meseji ya malipo: jina la mteja aliyetuma, kiasi alichotuma, na chini yake salio lote la shangazi. Mara ya pili ilikuwa kundi la kikoba: "Mweka hazina, hisa za kesho tukutumie au tuje nazo?" Kijana hakugusa kitu, wala hakuuliza swali. Alikaa tu, na simu ikamweleza mwenye duka ni nani, ana kiasi gani, anashika pesa za nani, na zitalipwa lini.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Shangazi akaingia uani kutia udhu na kuswali. Kijana akatoa simu yake mwenyewe, akainua macho kwenye kibao cha duka ambapo namba ya shangazi imeandikwa kwa rangi nyekundu ili wateja waione, akaiingiza kwenye WhatsApp kana kwamba ni yake. WhatsApp ikafanya inavyofanya kwa kila mtu: ikatuma tarakimu sita za uthibitisho kwenye laini ya mwenye namba. Kioo mezani kikawaka kwa mara ya tatu. Kijana akasoma, akaandika, akarudisha simu yake mfukoni. Shangazi alipotoka kuswali alimkuta kwenye kiti kilekile. Alilipa, akashukuru, akaondoka na suruali yake.

Tafakari hapo, msomaji. Namba ya siri ilikuwa nzuri. Ya tarakimu nne ina namna 10,000 za kupangika, ya sita ina milioni moja. Kijana yule asingeibahatisha hata angekaa pale mpaka usiku. Lakini hakuwa na haja ya kuijua. Mlango ulifungwa barabara, na kilichokuwa ndani kikasomewa dirishani.

Jioni ile kundi la kikoba lilipata ujumbe wenye jina la shangazi na picha yake: laini yangu ina tatizo, hisa za kesho tumeni kwa namba hii. Wanachama tisa walituma shilingi 20,000 kila mmoja, na wa kumi akatuma rejesho la mkopo, shilingi 150,000. Aliyewaokoa waliobaki ni mama mmoja aliyegundua kwamba ujumbe ule hauna salamu. Shangazi haandiki neno lolote bila kutanguliza salamu. Mama yule akapiga simu ya kawaida kuuliza, na ndipo shangazi alipojua kwamba WhatsApp yake imetoka mikononi mwake tangu adhuhuri.

Usiku uleule nilimwongoza kwa simu, akaingiza namba yake upya, akapokea tarakimu mpya, na kijana akatupwa nje. Pesa zilikuwa zimeshakwenda. Kwenye kikao kilichofuata wenye funguo walikuja, makufuli matatu yakafunguliwa, na shangazi akaomba 330,000 zikatwe kwenye hisa zake. Wenzake walimsihi wachangie. Alikataa. "Zimepotea kwa jina langu," alisema, na hakuinua macho kutoka mkekani.

Kama kisa kingeishia hapo, funzo lingekuwa fupi: ficha kila kitu. Ndivyo shangazi alivyoelewa, na ndivyo nami nilivyoridhika. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akamwambia mjukuu wake azime arifa zote, simu isilie, isiwake, na nenosiri liwe refu la herufi na namba. Simu ikawa kimya kama jiwe. Nilimsifu.

Miezi miwili baadaye, akiwa kwenye bajaji kwenda kununua vitambaa, sukari ilimshuka. Alikuwa amemeza dawa asubuhi na hakula. Dereva, kijana mwingine asiyemjua kabisa, alimwona akilegea, akageuza na kumkimbiza hospitali. Muuguzi akafungua mkoba, akatoa simu, akabonyeza. Kioo cheusi kikamwomba nenosiri. Hakuna jina, hakuna namba ya ndugu, hakuna neno linalosema mama huyu ana sukari na anatumia dawa fulani. Sisi nyumbani tulipiga mara kumi na saba, na simu ile iliyonyamazishwa haikutoa sauti hata moja ndani ya mkoba.

Tulimpata baada ya magharibi, kwa miguu ya dereva yule. Alirudi pale alipompakia, akauliza duka kwa duka, mpaka muuza maji wa jirani akamtambua kwa maelezo ya kanga aliyovaa. Madaktari walikuwa wamempima na kumtibu, Mungu awalipe. Lakini kwa saa saba shangazi yangu alilala pale kama mtu asiye na kwao, na mkobani mwake mna simu yenye majina ya watu mia mbili wanaompenda.

Kijana wa kwanza alisoma kila kitu bila kustahili kusoma chochote. Muuguzi alistahili kusoma jambo moja tu, akanyimwa yote. Makosa yote mawili yalifanyika kwenye kioo kilekile, na yote mawili sikuyazuia.

Pembeni ya kitanda chake tulikaa tukaitengeneza simu upya, safari hii kwa kulijadili kila jambo. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeupa mpango huo jina. "Iwe kama baraza," alisema. "Mpita njia anakaa, anapata kahawa. Ndani hapiti bila hodi."

Kwanza, arifa tulizirudisha, bila maneno yake. Kwenye simu za Android utaratibu huu upo tangu toleo la mwaka 2014: ndani ya mipangilio, upande wa arifa, unachagua kuficha yaliyo nyeti kwenye skrini iliyofungwa. iPhone nayo inakuruhusu maneno ya ujumbe yaonekane pale tu simu inapofunguliwa na mwenyewe. Sasa shangazi akiwa kwenye cherehani anaona meseji imeingia. Anayekaa jirani anaona hivyohivyo, basi. Mlio wa simu nao tuliurudisha, maana simu inayoita inaweza kupokelewa hata ikiwa imefungwa, na msamaria mwema anaihitaji nafasi hiyo.

Pili, tuliweka uthibitishaji wa hatua mbili ndani ya WhatsApp, yaani PIN ya pili ambayo mwenyewe ndiye aijuaye. Hili lisidharauliwe. Zile tarakimu sita zaweza kuombwa zije kwa kupigiwa simu badala ya meseji, na tumekwisha kusema kwamba simu iliyofungwa hupokelewa na yeyote. Kuficha maneno ya meseji peke yake kungeziba nusu tu ya dirisha.

Tatu, laini yenyewe tuliiwekea PIN. Mwizi anaweza kuichomoa laini kwenye simu iliyofungwa, akaichomeka kwenye simu yake, na meseji zote zikamfuata huko. Laini yenye PIN ikihamishwa inadai PIN kwanza, na ikikosewa mara tatu inajifunga mpaka ipatikane namba ya PUK. Basi tukahakikisha kadi yenye PUK imehifadhiwa nyumbani.

Nne, tukajaza taarifa za dharura: jina lake, ugonjwa wake, dawa zake, na namba tatu za ndugu. Android na iPhone zote zina sehemu hii. Mtu akibonyeza neno la dharura kwenye skrini iliyofungwa anaweza kuzifikia bila kujua namba ya siri, na simu iliyobaki ikaendelea kufungwa. Tulichagua kwa makini kilichoandikwa humo, maana nacho ni cha barazani. Jina la ugonjwa lenye kuokoa maisha liliingia; anwani ya nyumba haikuingia.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Katiba katika ibara ya 16 inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu. Ni ngao ya maana mbele ya taasisi zinazokusanya taarifa zetu. Lakini hakuna tume itakayokuja kukaa pembeni ya meza ya fundi cherehani kumzuia mteja asisome kinachowaka mbele yake. Sehemu hiyo ya ulinzi ni yetu, na wenye jukumu zaidi ni sisi tunaowanunulia wazee simu, tukawatengenezea kwa dakika tano, tukapanda basi.

Kikoba nacho kiliongeza kanuni moja kwenye daftari: namba ya kupokelea hisa ikibadilika, mabadiliko hutangazwa mkekani, kwa mdomo, mbele ya wenye funguo watatu. Ujumbe wa simu hautoshi.

Nawe msomaji, usiku huu kabla hujalala, funga simu yako uilaze mezani. Mwombe mtu wa nyumbani akutumie ujumbe, kisha kisome kioo kwa jicho la mtu usiyemjua. Halafu bonyeza neno la dharura, ukisome tena kwa jicho la muuguzi aliyekupokea umezimia. Ikiwa wa kwanza ameona mengi au wa pili hakuona kitu, kazi yako bado haijaisha. Ukimaliza ya kwako, ichukue ya mama yako.