Ua Liitwalo Orchard

Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapa kaunti yetu ya Garissa. Wiki chache baadaye Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) ikawahamisha walimu wasio wenyeji, wakavuka daraja la Tana kwenda kule ambako sisi huku bado tunakuita "Kenya". Siwalaumu. Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, walimu wakiwemo. Nani ana uso wa kumwambia mwenzake abaki afe kwa ajili ya sarufi?

Watoto ndio waliobaki. Kamati ya shule moja ya kijijini ikaniita mimi, kijana wa miaka 20 niliyeacha chuo kwa kukosa karo, nishike Kiingereza darasa la saba. Mwalimu wa bodi, yule anayelipwa na wazazi wakipata.

Je, mwalimu asiyejua ni afadhali kuliko kukosa mwalimu? Kwa muda mrefu nilijibu ndiyo, tena haraka, manake jibu hilo lilinipa usingizi.

Kwa watoto wale Kiingereza kilikuja baada ya Kisomali, Kiarabu cha duksi na Kiswahili kidogo cha redio. Kisomali hakina sauti ya p, kwa hivyo "paper" ilikuwa "baber", hata kwangu nikichoka. Tena tangu 1972 Kisomali kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, na humo c ni sauti ya kooni, ile ain ya Kiarabu: caano, maziwa. Mtoto aliyezoea hivyo akikutana na "cat" ana haki ya kukwama. Mimi Msomali nilikuwa na ufunguo huo mfukoni na sikuutumia hata siku moja. Nilipiga kelele tu: "Rudia!"

Siku moja msichana wa dawati la mbele akauliza, "Maalim, orchard ni nini?" Neno lilikuwa kitabuni. Sikulijua. Kamusi hatuna, netiweki hakuna, macho arobaini yananitazama. Nikasema ni aina ya ua. Nikalichora ubaoni, na petali zake. Wakanakili.

Orchard ni shamba la miti ya matunda. Mjomba wake yule msichana ana maembe kando ya Tana! Alikuwa akicheza ndani ya orchard kila likizo.

Katikati ya Machi Corona ikafunga shule, nami nikaondoka. Baadaye nikasikia kwamba katika insha aliandika mama yake alimpa orchard nzuri akaiweka nyweleni. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ndipo nikanyamaza.

Utaniambia kosa ni la serikali. Kweli, na nitalisema mchana kweupe: mtihani wa darasa la nane ulikuwa uleule kwa mtoto wa Nairobi na wa kwetu, insha dakika zilezile 40, kana kwamba wote walikuwa na mwalimu. Hiyo ni dhuluma. Lakini serikali haikuchora ile petali. Kutojua nilikurithi, uongo niliuchagua mwenyewe, kwa sababu niliona aibu mbele ya watoto. Na ningesema "sijui", labda angeenda kumuuliza mtu sokoni. Jibu langu lilimfungia hata mlango huo.

Siku hizi mtaala ni mwingine, darasa ni gredi, vitabu vina picha nzuri. Yule msichana amemaliza fom foo. Juzi amenitumia ujumbe: kamati ileile imemwomba ashike Kiingereza gredi ya nne.

"Maalim," ameandika, "ile siku ya ua, ulikuwa unajua?"

Nimeandika "La." Bado sijabonyeza kutuma.