JE, WEWE NI YALE UNAYOYAKUMBUKA?

Kijana mwenzangu, hebu simama kidogo kabla hujakikunja kikaratasi hiki na kukitia mfukoni. Wewe ni nani? Usinitajie jina, jina ulipewa. Nataka kujua ni nani yule anayeitika ukiitwa.

Wengi wakiulizwa hivyo huanza kusimulia yaliyopita. "Mimi nililelewa na bibi. Mimi baba alitukimbia. Mimi nilifeli darasa la saba, mwalimu akasema mbele ya wote kwamba kichwa changu ni kizito." Halafu wanamaliza: "Ndivyo nilivyo." Hapo ndipo ninapotaka tubishane, ndugu yangu, maana neno hilo la mwisho limewafunga vijana wengi kuliko pingu za polisi.

Wazo lenyewe si geni. Mwingereza mmoja, John Locke, aliandika mwaka 1694 ya kwamba mtu ni yuleyule wa jana kwa sababu fahamu zake zinafika mpaka jana. Anajua kwamba lile tendo alilifanya yeye. Ni hoja nzuri. Lakini je, kumbukumbu ikiondolewa, mtu naye ameondoka?

Sikia habari ya Henry Molaison wa Marekani. Alisumbuliwa mno na kifafa. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari alimpasua kichwa akatoa sehemu za ubongo, kulia na kushoto, ili kutuliza kile kifafa. Kifafa kilipungua kweli. Lakini tangu siku ile hakuweza kuweka jambo jipya kichwani! Utoto wake aliukumbuka, wazazi wake aliwajua. Ila ukizungumza naye, ukatoka nje kidogo na kurudi, anakusalimia kama mgeni. Aliishi hivyo miaka 55, mpaka alipofariki mwaka 2008.

Sasa sikiliza vizuri. Mtaalamu mmoja, Brenda Milner, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Jaribu nyumbani uone, mkono unakwenda kombo kabisa. Henry alirudia kazi hiyo siku tatu. Kila siku aliiona mpya, kama hajawahi kuigusa. Lakini mkono ulizidi kunyooka! Kichwa hakijui, mkono unajua. Na waliomfahamu walimkuta mpole, mwenye adabu na utani wake, miaka nenda miaka rudi. Alichokula asubuhi hakukikumbuka, lakini Henry alikuwa Henry.

Unaona? Unayoyafanya kila siku yanaingia ndani yako hata usipoyakumbuka. Ile bangi ya kijiweni, yale matusi, hata ile tabia ya kuamka mapema kumchotea mama maji, yote yanachora. Unasema, "Aa, nilishasahau." Wewe umesahau, mkono haujasahau.

Na kumbukumbu yenyewe si shahidi wa kuaminiwa kila neno. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer, hukohuko Marekani, waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Baada ya wiki wakawauliza: mliona vioo vilivyovunjika? Vioo hivyo havikuwepo. Lakini wale ambao mwanzoni waliulizwa kwa neno kali, kwamba magari "yalipondana", 16 kati ya 50 walisema waliviona. Walioulizwa kwa neno la kawaida, "yaligongana", walikuwa 7 tu kati ya 50. Neno moja la muulizaji!

Sisemi kwamba uliyotendewa hayakutokea. Kama ulipigwa, ulipigwa, wala asikudanganye mtu kwamba kusahau ndiyo kupona. Ila tukio ni jambo moja, na jina ulilobandikwa siku ile ni jambo jingine. Yule mwalimu aliona karatasi ya mtihani ya mtoto. Wewe mzima hakukuona. Lakini kila ukiisimulia ile siku unaisimulia kwa maneno yake yeye.

Na siku ile ulipomrudishia mwenye duka chenji iliyozidi, mbona hiyo huisimulii? Hata yule alikuwa wewe.