Umri Haupigi Hodi

Kwa wengi habari huanzia mkononi. Anayesoma msahafu, Biblia au karatasi ya dawa hujikuta akiusogeza ukurasa mbali na uso, leo kidogo, mwakani zaidi, mpaka mkono unanyooka wote na herufi bado zimefifia. Si ugonjwa. Lenzi ya jicho huanza kukakamaa tangu ujanani, na mtu akishapita miaka 40 huwa haiwezi tena kubadili umbo vya kutosha ili jicho lione kilicho karibu. Kazi ya miaka mingi imefanyika ndani ya mwili wake bila yeye kuarifiwa. Wanawake nao, wengi kati ya miaka 45 na 55, huamshwa usiku na joto la ghafla, wakatupa shuka, na wapo wanaodhani ni malaria, kumbe hedhi inaaga.

Mshangao huu unatoka wapi? Hakuna mtu mzima asiyejua kwamba watu huzeeka. Ameuguza, amebeba jeneza, amesikia mawaidha msibani mara zisizohesabika. Hata hivyo jambo alilolijua miaka yote humfikia kama habari mpya.

Mwandishi wa Urusi Leo Tolstoy aliligusa fumbo hili pale linapouma. Katika Kifo cha Ivan Ilyich, kilichotoka mwaka 1886, jaji mwenye cheo kizuri anapanda ngazi kumwonyesha fundi namna anavyotaka mapazia yatundikwe. Anateleza, anajigonga ubavuni. Jambo dogo linageuka ugonjwa, na anafariki akiwa na miaka 45. Kitandani anakumbuka somo la mantiki la shuleni: Caius ni binadamu, binadamu hufa, basi Caius atakufa. Siku zote aliliona somo hilo kuwa sahihi kabisa kwa Caius. Lakini yeye si Caius. Yeye ni yule mtoto aliyekuwa na mama yake, na mpira wa ngozi wenye mistari ambao harufu yake aliipenda.

Hoja, basi, haivuki yenyewe kutoka akilini hadi nafsini. Lazima kitu kiivushe: jicho, ubavu, msiba wa mtu wa rika lako. Tolstoy alijua anachokisema. Alipofikia miaka 50 hivi, akiwa na shamba, familia, afya na sifa ya riwaya yake Vita na Amani, alikuwa akijifichia kamba kwa kuihofia mikono yake mwenyewe.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali yalimkuta mapema zaidi. Mwaka 1095, akiwa na miaka 37 hivi, alikuwa akisomesha katika madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, wanafunzi 300 mbele yake. Alipojipekua nia, akaona kwamba anachokitafuta ni jina na cheo. Kwa karibu miezi sita alivutwa huku na huku. Asubuhi ameazimia kuondoka, jioni azma imevunjika. Kisha ulimi ukafunga. Alitaka asomeshe siku moja tu ili kuwaridhisha wanafunzi, neno halikutoka. Chakula nacho kikakataa kushuka, hata mchuzi. Matabibu walikata tamaa: maradhi yameanzia moyoni, walisema, na dawa haitafaa mpaka moyo utulie.

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Elliott Jaques, mzaliwa wa Kanada, aliandika kwamba kiini cha msukosuko wa umri wa makamo ni mtu kukabiliana na kifo chake mwenyewe. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Umri huo pia humweka mtu katikati ya watu.

Qurani, katika aya ya 15 ya sura ya Al-Ahqaf, inautaja umri wa miaka 40 waziwazi. Aliyeufikia anaomba aweze kushukuru neema alizopewa yeye na wazazi wake, kisha anawaombea wazao wake. Anayelipa ada ya shule asubuhi na kumtumia mama hela ya dawa za presha jioni ataitambua dua hiyo mara moja.

Wamaasai hawakuuacha umri huu ujifiche. Katika Olng'esherr, mojawapo ya sherehe tatu za Kenya ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2018 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, rika zima la morani huvuka kwa pamoja na kuwa wazee. Mwanamume huketi juu ya kiti cha mzee, mkewe akamnyoa. Kuanzia hapo boma ni lake na lawama ni zake. Anavuliwa ujana kabla haujamtoka, mbele ya watu, pamoja na wenzake, na hilo ni jambo la huruma ambalo mjini limekosekana.

Ghazali hakuwa na rika la kuvuka nalo. Aligawa mali yake, akabakiza ya kuwatosha watoto, akaaga kwamba anakwenda Makka huku nia yake ni Sham. Huko Damaski akawa anajifungia mchana kutwa ndani ya mnara wa msikiti. Mwaka 1106 alisomesha tena, safari hii Nishapur. Mwenyewe alikataa kuliita hilo kurudi, kwa kuwa zamani alifundisha elimu ya kutafutia cheo, na sasa ile ya kukiachia. Alipoyaandika hayo alikuwa ameshapita miaka 50, na anasema bado anataka kujirekebisha yeye na wengine, wala hajui kama atafika au atakatikia njiani.