Nia ya Mpishi wa Idi

Kijana wa kiume wa Mji Mkongwe anayejifunza kupika pilau ya Idi kwa mara ya kwanza anafanya ibada, hata vitunguu vikimuungulia. Wapo wasemao kuwa ibada ya siku hiyo ni swala na zaka ya fitri, na jikoni ni mila tu, tena ya wanawake. Lakini Bi Aisha, mke wa Mtume (S.A.W.), alisimulia kwamba Mtume alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na mafakihi wa Kishafii, madhehebu yaliyoenea Unguja, hufundisha kuwa jambo la mubaha, yaani lisiloamriwa wala kukatazwa, hupata thawabu kwa nia. Nia hiyo haihalalishi uzembe: anayewapikia wazazi kwa ajili ya Mungu ana wajibu mkubwa zaidi wa kuuliza, kuonja, na kuchambua mchele vizuri kabla ya kuwasha moto.